Ukiita Sahihi, Nani Huitika?

Neno "sahihi" limetutumikia kwa kazi mbili tangu tulipolipokea kutoka kwa Kiarabu. Ni ile alama ambayo mtu huitia chini ya waraka ili kukiri kwamba maneno yaliyomo ni yake. Na ni sifa ya jambo lisilokuwa na kosa. Waarabu wenyewe hawakulipa kazi ile ya kwanza, kwani alama ya mkono wao huiita kwa neno jingine kabisa. Ni sisi tulioziunganisha maana hizo mbili, na kutokana na muungano huo tukapata kitenzi "kusahihisha", ambacho mwalimu yeyote anayeisoma makala hii anakijua kwa maumivu ya mgongo. Kwa miaka mingi nimewapa wanafunzi wangu wa semantiki neno hili kama mfano wa umbo moja lenye maana zaidi ya moja, tukacheka kidogo, kisha tukaendelea na somo. Sikudhani kwamba siku moja mmoja wao angenipigia simu akilia kwa sababu maana hizo mbili zimetengana. Hati yake ilikuwa na sahihi, lakini sahihi hiyo, ameambiwa, si sahihi.

Binti huyo alikuwa amehitimu masomo yake na kuitwa kwenye mahojiano ya kazi. Chuo kilichompa hati ya matokeo, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimeanza kuchapa pembeni mwa kila hati ule mraba wa vitone vyeusi na vyeupe ambao siku hizi umebandikwa hata kwenye meza za mikahawa. Afisa akauelekezea simu yake, ukurasa wa uhakiki ukafunguka, na maandishi mekundu yakasema kwamba sahihi ya hati ile haikubaliki. Hakumtukana. Alimrudishia karatasi yake kwa adabu, akamwita aliyefuata. Na mimi simlaumu afisa huyo. Tunaishi katika nchi ambamo Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza, Februari 2024, kwamba uhakiki wake ulikuwa umewafichua wafanyakazi zaidi ya 2,000 wenye vyeti vya kughushi. Katika hali kama hiyo mashine ikisema "la", nani atathubutu kusema "ndiyo"?

Kilichonishangaza ni kwamba hati za wenzake karibu wote zilikuwa zimekubaliwa. Karatasi ni ile ile, chuo ni kile kile, na programu iliyotia sahihi ni ile ile. Kwa bahati nzuri, kijana aliyeiandika programu hiyo nilikuwa nimemfundisha fonolojia kabla hajahamia upande wa tarakilishi (au kompyuta, mjadala wa istilahi hiyo nimeuchoka na leo siufufui). Nilimtafuta. Akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi, "Mwalimu, algoriti niliyoichagua ni ile inayopendekezwa kote duniani. Haiwezi kuwa na kosa." Jumamosi moja tukaketi, yeye, mimi na birika la chai, tukaanza kuchunguza. Mambo niliyojifunza siku ile ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala hii, kwa maana nilianza kuona kwamba tatizo lake lilikuwa la lugha zaidi kuliko nilivyotarajia.

Nieleze kwanza, kwa ufupi, sahihi hii ni nini. Haifanani na mchoro wa kalamu uliopigwa picha na kubandikwa kwenye waraka. Waraka mzima hupitishwa katika kanuni inayoukamua na kuacha muhtasari wa urefu maalumu, tuseme biti 256, na ukibadilisha hata nukta moja katika waraka, muhtasari hubadilika kabisa. Kisha mwenye waraka hutumia ufunguo wake wa siri, ambao ni nambari kubwa mno, kuufanyia muhtasari huo hesabu ambayo yeye peke yake anaweza kuifanya. Matokeo ya hesabu hiyo ndiyo sahihi. Mtu yeyote mwenye ufunguo wa pili, ule wa wazi, anaweza kuhakikisha kwamba hesabu ilifanywa na mwenye siri, ingawa yeye mwenyewe hawezi kuifanya. Wazo hili lilitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka wa 1976, na mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakapata njia ya kulitekeleza, ile inayoitwa RSA kwa herufi za kwanza za majina yao. Tangu hapo njia nyingine zimezaliwa. Kijana wangu alikuwa ameichagua ECDSA, ambayo hutumia hisabati ya mikunjo, na ambayo sahihi yake ni jozi ya nambari mbili.

Lakini hakuna mwandishi wa programu mwenye akili timamu anayeikaa chini kuiandika hesabu hiyo yeye mwenyewe. Huiomba kutoka kwa maktaba, yaani mkusanyiko wa programu zilizoandikwa na wataalamu na kuwekwa tayari kwa matumizi ya wengine. Na huiomba kwa jina. Katika lugha ya programu ya Java, jina lenyewe ni SHA256withECDSA. Mwanaisimu hawezi kulitazama jina kama hilo bila kulichanganua. Sehemu ya kwanza inataja kanuni ya kukamua muhtasari, sehemu ya mwisho inataja algoriti ya kutia sahihi, na katikati kuna kiunganishi cha Kiingereza kinachofanya kazi ya "kwa". Ni jina lenye mofolojia safi kabisa.

Hata hivyo, jina hilo halisemi ni nani atakayefanya kazi. Nilipomwuliza kijana swali hilo, alinyamaza. Java imepangwa kwa namna ambayo maktaba kadhaa, ambazo nitaziita watoaji, zinaweza kuishi pamoja katika mashine moja, zikiwa zimepangwa foleni. Ukitaja jina, mashine huipita foleni hiyo kuanzia mbele, na kwa kawaida mtoaji wa kwanza anayelijua jina hilo na anayeweza kuutumia ufunguo uliompa ndiye huitika. Miongoni mwao wamo wale wanaokuja na Java yenyewe, kama SunEC, na wamo wa kuongezwa, kama Bouncy Castle, maktaba iliyoanzishwa na Waaustralia mnamo 2000. Ukiongeza mtoaji mwisho wa foleni, huenda asiitwe kamwe. Ukimweka mbele, atawapokonya wengine kazi zote anazozijua. Hakuna herufi hata moja itakayobadilika katika programu uliyoiandika.

Ferdinand de Saussure alitufundisha kutenganisha kiashiria na kiashiriwa. Hapa kuna mambo matatu: jina, algoriti ambayo jina linaitaja, na utekelezaji, yaani ile programu mahususi iliyoandikwa na watu mahususi ili kuifanya kazi ya algoriti hiyo. Wengi wetu huchagua la kwanza tukidhani tumechagua la tatu.

Basi, kosa la hati ya yule binti lilikuwa wapi? ECDSA, nimesema, hutoa nambari mbili. Lakini nambari mbili zinaandikwaje katika baiti? Zipo tahajia mbili. Katika tahajia ya kwanza, kila nambari hupewa nafasi ya baiti 32 kamili, hata kama ni ndogo na mwanzo wake ni sifuri tupu, kwa hivyo sahihi nzima huwa baiti 64 daima. Katika ya pili, kila nambari hutanguliwa na alama ya kuitambulisha na hesabu ya urefu wake, na sifuri za mbele zisizohitajika huondolewa, kwa hivyo urefu hubadilikabadilika. Aghalabu ni baiti 70 hadi 72, na mara chache hupungua. Ukitumia lile jina la kawaida, Java huandika kwa tahajia ya pili. Vivinjari vya intaneti, ambavyo ndivyo vilivyoendesha ukurasa wa uhakiki, husoma ya kwanza. Kijana alipoona hazielewani, aliandika kifasiri kidogo cha mkono cha kuhamisha sahihi kutoka tahajia moja hadi nyingine kabla ya kuichapa. Kifasiri hicho kilijua kuiondoa sifuri ya ziada nambari inapokuwa ndefu. Hakikujua la kufanya nambari inapokuwa fupi, yenye baiti 31 tu. Katika hali hiyo kilikula baiti moja ya jirani.

Wasomaji waliowahi kuzishika hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa khati ya Kiarabu watalitambua jambo hili mara moja. Herufi moja iliweza kubeba b, p na hata mb, na anayezigeuza kwa herufi za Kirumi bila kujua ada ya mwandishi atayasoma maneno mengi sawasawa kabla ya kuharibu ubeti mmoja. Kifasiri chetu kilikuwa hivyo hivyo. Ukikokotoa uwezekano wa mojawapo ya nambari hizo mbili kuwa fupi kiasi hicho, utapata takriban hati moja katika kila 256. Kijana alikuwa amejaribu hati 20 kabla ya kuianzisha kazi, na zote zikapita. Tulipozipitisha upya hati zote za mwaka ule, tulipata nyingine mbili zilizoharibika, ambazo wenye nazo walikuwa hawajazipeleka popote. Na la kuudhi zaidi ni kwamba kazi ya kifasiri kile haikuhitajika kabisa. Tangu toleo la 9, Java ina jina jingine, SHA256withECDSAinP1363Format, ambalo huitoa sahihi kwa tahajia ile ya baiti 64 moja kwa moja. Mofimu moja ya ziada mwishoni mwa jina ingemwokoa binti yule.

Kosa hilo, ingawa lilimuumiza mtu asiye na hatia, lilikuwa la kumnyima mwenye haki. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kuna kosa la kumpa haki asiyekuwa nayo, na hilo halikutokea katika programu ya kijana anayejifunza kazi.

Toleo la 15 la Java, la Septemba 2020, lilikuja na utekelezaji mpya wa hesabu za mikunjo. Ule wa zamani ulikuwa umeandikwa kwa lugha ya C++, na waangalizi wake waliamua kuuandika upya kwa Java yenyewe, kwa sababu nzuri za usalama na matunzo. Katika kuandika upya, sharti moja lilisahauliwa. Kanuni ya ECDSA inamwamuru mhakiki, kabla ya hesabu yoyote, ahakikishe kwamba zile nambari mbili si sifuri. Utekelezaji mpya haukuangalia. Matokeo yake ni kwamba sahihi ya sifuri na sifuri, baiti 64 zisizokuwa na kitu ndani yake, ilikubaliwa kuwa sahihi ya mtu yeyote, kwa ufunguo wowote, juu ya waraka wowote. Ukiifuata hesabu utaona ni kwa nini. Sifuri ikizidishwa huwa sifuri, mwisho wa mlinganyo mhakiki hulinganisha sifuri na sifuri, na, naam, ziko sawa. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Neil Madden, aliligundua jambo hili na kuliripoti Novemba 2021, na Oracle ikatoa marekebisho Aprili 2022. Matoleo ya 15, 16, 17 na 18 yote yalikuwa na kasoro hiyo.

Fikiria maana yake kwa mfumo kama ule wa hati zetu. Mghushi hakuhitaji ufunguo wa chuo, wala kumhonga karani wa msajili. Alihitaji kuandika alama anazozitaka, kisha aache pengo mahali pa sahihi. Mlangoni pa uhakiki angekaribishwa kwa maandishi ya kijani kibichi.

Lakini tazama jambo jingine, ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa. Katika kipindi hicho hicho, mashine iliyokuwa imemweka Bouncy Castle mbele ya foleni haikudanganyika, kwa sababu utekelezaji wa Bouncy Castle ulikuwa ukiangalia sifuri. Hata matoleo ya kale ya Java hayakudanganyika. Jina lililoitwa lilikuwa lile lile, SHA256withECDSA. Algoriti ilikuwa ile ile, na hakuna aliyeipata na kosa. Tofauti ilikuwa ni nani ameitika. Aidha, ulikuwapo tayari mkusanyiko wa majaribio uitwao Wycheproof, uliotolewa na wahandisi wa Google mwaka wa 2016, wenye mamia ya sahihi zilizoharibiwa kwa makusudi, zikiwemo za sifuri, ili kila mwenye maktaba ajaribu kama yake inajua kukataa. Sisi walimu tuna udhaifu huo huo. Tunapotunga mtihani tunapima kama mwanafunzi anajua jibu. Ni nadra kupima kama anaweza kulitambua jibu la uongo lililovaa suti.

Upande wa kutia sahihi nao una mtego wake, na huu ni wa zamani zaidi. ECDSA, kama mzazi wake DSA iliyopendekezwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka wa 1991, hudai kwamba kila mara unapotia sahihi uwe na nambari mpya ya siri, ya kutumika mara moja tu na kutupwa. Ukiirudia nambari hiyo katika nyaraka mbili, mtu mwenye sahihi zote mbili hupata milinganyo miwili yenye herufi mbili zisizojulikana, na hiyo ni hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaimudu. Herufi moja ni ile nambari ya muda. Ya pili ni ufunguo wako wa siri. Desemba 2010, katika mkutano wa wadukuzi mjini Berlin, kikundi kiitwacho fail0verflow kilionyesha kwamba Sony, katika kuzitia sahihi programu za mashine yake ya michezo ya PlayStation 3, ilikuwa ikitumia nambari moja tu daima. Algoriti ilikuwa imara. Aliyeitekeleza alikuwa ameifunga nambari ile kama mtu anayejibu "saba" kila anapoombwa kutaja nambari yoyote. Mnamo Agosti 2013 ikaonekana kwamba chombo cha Android cha kubahatisha nambari kilikuwa na dosari, na watu wakaibiwa fedha zao za Bitcoin.

Si lazima kurudia nambari nzima ili uangamie. PuTTY ni programu inayotumiwa na mafundi wengi kuingia katika mashine za mbali, na kwa miaka ilikuwa ikiitunga nambari ya muda kwa njia iliyobuniwa kabla programu hiyo haijaanza kuutumia mkunjo mkubwa wa biti 521. Njia hiyo ilitoa biti 512 tu. Ilipotumiwa kwa mkunjo mkubwa, ikawa kama kanzu ya mtoto iliyovishwa mtu mzima, kwani biti tisa za mbele zilibaki sifuri kila mara. Tofauti hiyo ndogo ilitosha. Kwa sahihi zipatazo 60, watafiti wa Bochum nchini Ujerumani walionyesha kwamba ufunguo mzima unapatikana. Hayo yalitangazwa Aprili 2024, na kila mwenye ufunguo wa aina hiyo aliyeutumia na PuTTY akatakiwa autupe.

Kwa sababu hiyo Thomas Pornin alichapisha mwaka wa 2013 utaratibu wa kuitoa nambari ya muda kutokana na waraka wenyewe na ufunguo wa siri, bila kubahatisha chochote. Algoriti ya Ed25519, iliyobuniwa na Daniel Bernstein na wenzake mwaka wa 2011, imeyaweka hayo katika msingi wake, kwa hivyo mtekelezaji hana nafasi ya kuchagua vibaya. Napendelea algoriti ya namna hii, inayompunguzia mtekelezaji nafasi za kukosea, kuliko ile inayomwamini kuwa malaika.

Tulipofika hapo, kijana alikuwa amekwisha kuwa na woga, ambao niliuona kuwa dalili njema. Akafungua orodha ya majina yote ambayo Java yake ilikuwa tayari kuitika. Ilikuwa ndefu ajabu. Humo ndani mlikuwa na SHA1withDSA, ingawa viwango vipya vya NIST vya Februari 2023 haviruhusu tena DSA kutumiwa kutia sahihi mpya, ila kuhakiki za zamani tu. "Mbona bado imo?" aliniuliza, mimi niliye mtu wa lugha! Nikamjibu kwamba kamusi nayo haifuti maneno yaliyokufa, kwa maana kuna watu ambao bado wanasoma vitabu vya kale. Kuwemo katika kamusi si pendekezo la kulitumia neno. Tofauti ni kwamba kamusi nzuri huandika "la kale" kando ya neno, na orodha ile haikuandika kitu.

Nyaraka za maktaba, kwa upande mwingine, wakati mwingine husema ukweli mchungu, na ni jambo la kusikitisha kwamba hazisomwi. Waandishi wa maktaba moja mashuhuri ya Python, inayoitwa ecdsa tu, wametangaza wenyewe kwamba haina kinga dhidi ya mtu anayepima muda unaotumiwa na hesabu na kuukisia ufunguo kutokana na muda huo. Ni maktaba nzuri ya kufundishia. Hata hivyo utakuta imeingizwa katika kazi zisizohusiana na darasa, kwa kuwa jina lake ndilo la kwanza kutokea mtu anapotafuta.

Nilimshauri aanze upya kwa maswali ambayo ningemwuliza mtahini mpya kabla ya kumkabidhi karatasi. Ni nani hasa ataitika nikiita jina hili kwenye mashine hii, na kwenye ile ya ofisi ya msajili? Anaandika kwa tahajia gani? Nambari yake ya muda huitoa wapi? Akipewa upuuzi, hukataa? Na akikutwa na kosa, kuna mtu wa kumrekebisha mwezi huo huo? Swali la kwanza lilituzalia mshangao palepale, kwani tarakilishi ya msajili ilikuwa bado na Java ya 8, ambayo haiijui Ed25519 kabisa. Ukiliita jina hilo pale, hakuna anayeitika, na programu husimama. Huo, nilimwambia, ndio ukimya ninaoupenda. Afadhali mashine inayosema haikuelewa.

Tulibishana kidogo kuhusu siku za usoni. Agosti 2024 NIST ilitoa viwango vya sahihi zitakazohimili mashine za kwantamu, ambazo zikikamilika zitaweza kuzivunja RSA na ECDSA, na Ed25519 pamoja nazo. Hati ya matokeo si barua ya mapenzi. Inaweza kuhitajika baada ya miaka 40. Lakini sahihi ndogo kabisa ya kiwango kikuu kipya, ML-DSA, ni ya baiti 2,420, na mraba mkubwa kabisa wa vitone hubeba baiti 2,953. Ungekuwa na mraba mweusi unaoijaza nusu ya hati, na simu nyingi zingeshindwa kuusoma. Yeye alitaka kungoja. Mimi nilitaka mwanzoni mwa kila mraba iwekwe baiti moja ya kutaja aina ya sahihi, ili mwaka wa 2040 mtu aweze kubadilisha bila kuvunja yote. Hapo alikubali.

Huenda msomaji akauliza kama haya yanawahusu wasiotunga programu. Yanawahusu. Bunge letu lilipitisha mwaka wa 2020 marekebisho ya sheria za biashara yaliyofungua mlango wa sahihi za kielektroniki katika mikataba na nyaraka za ardhi. Siku si nyingi shamba la babu yako litahamishwa kwa baiti 64. Sheria itaitaja sahihi kwa jina. Ni mwandishi wa programu, huenda ni yule unayemfundisha mwaka huu, atakayeamua nani aitike.

Mwishowe kijana alichagua Ed25519, ambayo sahihi yake ina tahajia moja tu, ya baiti 64, na ufunguo wake wa wazi ni baiti 32. Hakuishia kwenye jina. Alimtaja na mtoaji, Bouncy Castle, kwa jina lake, kwenye mashine zote mbili, ili foleni isimwamulie. Akaizalisha hati moja ya majaribio mara 10,000, kila mara kwa jina tofauti la mwanafunzi wa kubuni, na kuzihakiki zote kwa maktaba mbili zisizo na undugu. Kisha nikamwomba aipe programu yake baiti 64 za sifuri, halafu sahihi ya kweli iliyobadilishwa biti moja, halafu sahihi ya kweli juu ya waraka wa mtu mwingine. Tulikaa tukiitazama ikikataa, moja baada ya nyingine, saa nne za usiku, chai ikiwa imekwisha poa.

Yule binti alichapishiwa hati mpya Jumanne iliyofuata, nami nilimsindikiza hadi kwenye ofisi aliyorudishwa. Afisa alielekeza simu yake, maandishi yakatoka kijani kibichi, akaomba radhi kwa dhati. Nafasi ile ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine.